Bunduki Iliyokosa Pini

Mafuta ya cherehani yana harufu nyepesi, tamu kidogo, ya kitu safi ambacho bado hakijaanza kazi. Majira yale ya baridi, hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu. Tulikaa ghorofa ya kumi na nne, Flemingdon Park, Toronto, dirisha la sebuleni likitazama bonde la mto Don lililojaa theluji na miti mitupu, na kwenye korido yetu kila mlango ulikuwa na harufu yake: vitunguu vya jirani wa kushoto, udi wa jirani wa kulia, sabuni ya kufulia kutoka kwa watu wa mbele ya lifti. Kwetu ilikuwa mafuta ya cherehani, ingawa cherehani yenyewe hatukuwa nayo. Baba alikuwa anaunda bunduki, na kila kipande alikipaka mafuta hayo. Nilikuwa na miaka kumi, na sikutulia hata siku moja tangu kifurushi cha kwanza kilipofika kwa posta. Nilikuwa naamka nimechoka, naenda shule, narudi mbio kuangalia vipande vimeongezeka vingapi mezani. Mpaka leo nikiinusa harufu ile kwa fundi yeyote, miguu yangu inataka kuondoka kabla sijajua kwa nini.

Baba alikuwa mtoto wa fundi. Babu alikuwa na karakana ya kutengeneza cherehani Arusha, na Baba alikulia chini ya meza ile, akiokota skrubu zilizodondoka kabla hajajua kusoma. Kisha akasoma, akaoa, akaja Toronto, akapata kazi kwenye ofisi moja Don Mills ambako alishinda kutwa nzima mbele ya kompyuta. Hakulalamika. Ila mikono yake haikujua kukaa bure. Aliifungua redio nzima, akaifunga tena. Aliifungua mashine ya kukaushia nywele ya Mama, akaifunga, ikawa inapuliza vizuri kuliko ilipokuwa mpya. Ndipo Mzungu mmoja wa ofisini kwao, mtu mpole mwenye shamba kaskazini mwa mji, alipompeleka kulenga shabaha, na Baba akarudi ana furaha ambayo hatukuwahi kumwona nayo katika nchi hii. Alituambia hakupenda mlio. Alipenda ule ukimya kabla ya mlio, mtu anaposhusha pumzi. Bunduki ya dukani hakuitaka. Alitaka aliyoikusanya mwenyewe kipande kwa kipande, jinsi Babu alivyoweza kuchukua cherehani tatu zilizokufa akatoa moja inayoshona. Akaenda darasani, akafanya mtihani, akajaza fomu za serikali. Fomu moja ilikuwa na nafasi ya saini ya mke, na Mama aliisaini huku anakoroga uji, kwa sababu aliamini jambo lile litapita kama lilivyopita lile la kujifunza gitaa.

Halikupita. Kilikuja kitako cha mti mwekundu uliong'aa, kikaja mtutu, zikaja springi na pini zilizofungwa kwenye vifuko vidogo, na kadiri meza ilivyojaa ndivyo Mama alivyozidi kupungua maneno. Mama ni mtu wa Tanga. Alipokuwa msichana, majambazi wenye bunduki waliingia dukani kwa baba yake, naye akakaa nyuma ya magunia ya mchele, mkono mdomoni, mpaka walipoondoka. Hakuna aliyeumizwa, na labda ndiyo maana watu wa kwao walidhani yalikwisha. Yeye hakulitamka hata jina la bunduki. Alisema "hilo dude". Baba akimwonyesha kipande kipya, anasema, "Nimeona, Baba Zehra," bila kugeuza shingo. Zehra ni mimi. Siku moja nikamsikia kwenye simu na mama mdogo, dada yake aliyekaa Thorncliffe Park, ng'ambo ya bonde: "Sifanyi mzaha. Siku dude hili likikamilika, mimi na mtoto tunahamia kwako. Likiwa vipande naweza kuvumilia. Likiwa zima, mimi silali nalo nyumba moja." Tangu siku ile nilikuwa nasimama dirishani nikitazama majengo ya Thorncliffe, nikijaribu kukisia ni dirisha lipi litakuwa langu, na ni nani atakayekuwa akila chakula cha Baba pamoja naye.

Nilimchukia kidogo Baba, nilimchukia kidogo Mama, na wote wawili niliwapenda mpaka nikashindwa kula. Hayo ndiyo maisha ya mtoto wa pekee kwenye nyumba ya vyumba viwili. Kila neno la mkubwa linakupitia wewe kwanza.

Baba alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, aliyorithi kwa Babu. Alitandika kitambaa cheupe, akapanga vipande kwa mstari kutoka kulia kwenda kushoto, kila kimoja mahali ambapo zamu yake itafika, kisha akavihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, hata siku ambazo mazungumzo mengine yote yalikuwa yamekwenda Kiingereza. Alinifundisha na mimi kuhesabu. "Fundi hapotezi kitu, Zehra. Akipoteza, amepoteza na mteja." Mtutu na mwili wa bunduki vilifungiwa kwenye kabati la chuma kama sheria inavyotaka, ufunguo ukawa haumtoki mfukoni. Vipande vidogo vilikaa kwenye kopo la biskuti. Jumamosi moja mchana akasema ikifika alasiri atakuwa amemaliza. Mama akatoka jikoni akiwa na kitambaa cha kufutia vyombo begani, akasimama mlangoni.

"Muharram inaingia Jumatatu," alisema.

"Najua. Leo ni Jumamosi."

"Utafungua kitu kipya nyumbani, halafu keshokutwa tuvae nyeusi? Hata shati jipya hatuvai, Baba Zehra. Wewe unaleta bunduki."

Kwetu sisi Mashia, kuanzia Muharram mpaka mwisho wa msiba, miezi miwili na siku nane, hatuoani, hatuhamii nyumba, hatununui wala hatuanzi kitu kipya. Tunavaa nyeusi, tunakwenda majlisi, vikao vya maombolezo, tunamlilia Imam aliyeuawa. Baba alikuwa mtu wa dini, na zaidi ya hapo alikuwa mtu wa haya. Akavitazama vipande vile kwa muda mrefu. Kisha akavihesabu mara ya mwisho, mimi nikihesabu naye, akavifunga vile vidogo ndani ya kitambaa, akaviweka kwenye kopo, kopo akaliweka rafu ya juu ya kabati la nguo. Mama akarudi jikoni. Alikuwa amenunua miezi miwili na siku nane, na nilimwona akiegemea sinki kama mtu aliyeshuka ngazi za ghorofa zote kumi na nne kwa miguu.

Mimi sikupumua. Mtu mzima akipewa miezi miwili anasahau kwa muda. Mtoto anahesabu siku. Tulikwenda majlisi barazani, kwenye ukumbi wa jumuiya yetu, nikakaa na wanawake, watu wakalia, nami nikalia kuliko wote, mpaka mama mmoja akanisifu kwa Mama kwamba nina moyo wa imani. Nilikuwa naililia Thorncliffe. Wiki zilipokaribia kwisha, Baba akaanza kunyoosha vidole vyake mezani wakati wa chakula, akigusa hapa na pale pasipo na kitu. Siku moja niliporudi kutoka shuleni mapema, Mama akiwa chini kwenye mashine za kufulia, nikapanda juu ya kiti, nikashusha kopo, nikafungua kitambaa. Nilichagua pini moja ya chuma, fupi kuliko njiti ya kiberiti, nikiamini kitu kidogo kitauma kidogo. Nikavifunga vyote kama vilivyokuwa, nikatoka kwenye korido, nikafungua kile kimlango ukutani tunamotupia taka zikaporomoka mpaka chini ya jengo, nikaiachia. Nilisubiri niisikie ikifika chini. Sikusikia kitu.

Msiba ulipokwisha, Baba akatandika kitambaa chake. Akahesabu. Akahesabu tena. Mwanzoni alicheka, akasema ameanza kuzeeka. Kisha akainua zulia. Akakung'uta nguo zote za kabati moja moja, akachunguza mifuko ya makoti yetu, akatoa kifuko cha kifagio cha umeme akapekua vumbi kwa kijiti. Ilikuwa siku nne za namna hiyo. Pini nyingine ingepatikana kwa posta ndani ya wiki moja, hata Mzungu wa ofisini alimwambia hivyo, na mimi nilikuwa nimekwisha kufikiria nitaitupaje na hiyo. Lakini Baba hakuagiza. Siku ya tano nikamkuta anaongea kwa simu na kaka yake, baba mkubwa wa Arusha, kwa sauti ya chini asiyoitumia kwa kawaida.

"Niambie ukweli," alisema. "Mzee alianza akiwa na umri gani?"

Nilijua habari hiyo, kila mtu kwetu aliijua. Babu, fundi hodari kuliko wote mtaani kwake, alianza kusahau. Alifungua cherehani za watu akashindwa kuzifunga, wateja wakawa wanakuja kuchukua mashine zao ndani ya ndoo. Baba akasikiliza jibu, akasema, "Basi mimi nimemtangulia," akakata simu. Alipogeuka akaniona. Akanipapasa kichwani, akasema maneno ambayo sijawahi kuyasahau: "Mtu asiyejua ameweka wapi pini hana haki ya kushika bunduki."

Nilikimbilia jikoni. Mama alikuwa anakata mchicha. Nikamwambia yote kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili changu hakikutosha kulia nacho, kuwa ni mimi, nimeitupa, Baba si mgonjwa, mwambie Baba si mgonjwa. Mama akaweka kisu chini. Nilitegemea kofi, na kwa kweli nililitaka.

"Umemwambia nani?"

"Nobody, Mama."

"Basi asijue mtu." Akashika kisu tena, akakata, kisha akasema bila kunitazama, "Nyumba imetulia, Zehra. Iache itulie."

Na ikatulia kweli, kwa namna ya kutisha. Baba akamuuzia Mzungu vipande vyote. Akaenda kwa daktari, daktari akasema haoni kitu, Baba akasema hata Babu mwanzoni hawakuona kitu. Mashine ya nywele ya Mama ilipoharibika tena ikatupwa. Redio ikiharibika inatupwa. Ofisini alianza kuandika kila jambo kwenye daftari dogo alilolibeba mfukoni, mahali ulipokuwa ufunguo wa kabati. Hatukuhamia Thorncliffe. Wazazi wangu hawakuachana, hawakugombana tena, na jirani zetu wakatusifu kwa utulivu. Mimi ndiye niliyepata nilichokitaka, na nilikuwa natembea ndani ya nyumba ile kama mtu anayetafuta mlango.

Sasa nina miaka ishirini na saba na ninakaa huko huko Thorncliffe, na mume wangu, na mwezi ujao nikijaliwa nitakuwa na mtoto. Kitanda cha mtoto kilikuja kikiwa vipandevipande ndani ya boksi. Nikamwomba Baba akifunge. Nilidhani namfurahisha. Akalitazama boksi, akarudisha mikono nyuma, akasema, "Mwite fundi, mwanangu. Hicho ni kitanda cha mtoto. Nikisahau skrubu moja?" Alisema kwa upole, bila hata kusikitika, kama mtu anayetaja saizi yake ya kiatu. Ana miaka sitini na tatu, hajasahau hata siku moja ya kuzaliwa ya mtu. Nikamwambia. Nilimwambia yote kuhusu pini, pale pale sebuleni, kwa Kiswahili nilichokuwa nimekipanga kichwani kwa miaka kumi na saba. Aliniacha nimalize. Akasema, "Miaka yote hii," akasimama, akavaa koti, akaacha chai yake, akaondoka. Nilimwona kutoka dirishani akivuka barabara bila kutazama.

Kesho yake alikuja na Mama, na bisibisi mkononi. Hakunisalimia kwa maneno, alinishika bega tu, akakaa chini sakafuni, akaanza. Mama akaenda jikoni kwangu kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Nilikaa kwenye kochi nikimwangalia Baba. Mikono yake ilikuwa mizito mwanzoni, ikakosea mara mbili, kisha ikakumbuka, na kuanzia hapo sikuweza kuangalia tena kwa sababu ya machozi. Upande mmoja ulipokuwa umesimama, akauliza, macho yake yakiwa kwenye kazi:

"Mama yako alijua?"

Jikoni bomba likafungwa. Ningeweza kuhesabu pumzi za watu watatu ndani ya nyumba ile. Wazazi wangu wana miaka thelathini ya ndoa, wanakunywa chai kwenye kikombe kimoja wakati mwingine, na mtoto wangu yuko njiani.

"Hapana, Baba. Hakujua."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukaza skrubu. Maji ya jikoni yakaanza kutiririka tena. Nilipokuwa na miaka kumi nilimwibia Baba kwa woga, nikalia mpaka nikaugua. Safari hii nilimdanganya kwa sauti iliyotulia, nikamuuliza kama atapenda chai.