Ruzuku, Pilau na Sahani ya Bi Mize

Siku ya kwanza kazini nilivuka mto Pangani kwa kivuko nikiwa nimevaa viatu vya kisigino kirefu, maana nilidhani mtumishi wa serikali ni lazima asikike akitembea. Nilipofika Mwera, Afisa Mtendaji wa Kata alivitazama viatu vyangu kabla hajaitazama barua ya kupangiwa kituo. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye utani wa chini kwa chini. Akasema, "Karibu sana, Mama Maendeleo. Ila kazi hii inafanywa kwa miguu, na hiyo uliyokuja nayo ni ya harusini." Jioni mkewe akanipa kandambili zake, na hivyo ndivyo nilivyoanza kuwa Afisa Maendeleo ya Jamii.

Jina la cheo ni refu, lakini kazi yenyewe unaweza kumweleza mtoto akaielewa. Watu wana shida na wana nguvu ya kuitatua, ila wamepungukiwa kitu kimoja: mashine, bomba, mbegu, jiko. Serikali nayo ina fungu la kusaidia. Mimi nilikaa katikati, nikiwafundisha watu wa huku lugha ya kule. Miaka mingi ya kazi yangu niliitumia kuandika maombi ya ruzuku kwa ajili ya miradi ya chakula: bustani za shule, mashine za kusaga muhogo, majiko ya pamoja.

Mtendaji ndiye aliyenipa somo la kwanza. Nilimwambia kwamba nadhani ruzuku ni rahisi kuliko mkopo kwa kuwa hairudishwi. Akatikisa kichwa. "Mkopeshaji anauliza swali moja tu: utalipa lini? Anayetoa bure hana cha kukudai baadaye, kwa hiyo maswali yake yote anakuuliza leo." Nikaja kuona ukweli wake. Andiko la mradi, yaani maelezo yote ya mnachotaka kufanya, lilidai katiba ya kikundi, muhtasari wa vikao, bajeti, na mchango wa jamii, kwa maana ya kile ambacho wananchi wenyewe wataweka, hata kama ni mchanga na mawe. Juu ya yote hayo kulikuwa na kipengele cha uhitaji. Hapo ndipo mlitakiwa kuonyesha kwamba bila msaada mtu fulani atalala na njaa.

Kipengele hicho mimi sikukiogopa, na sababu ni malezi. Nilizaliwa kwenye shamba la mkonge, wazazi wangu Walutheri waliotoka milimani kutafuta kazi. Kambini kwetu posho iligawiwa hadharani, jina lako linaitwa kwa sauti, unakwenda na debe lako. Asiyekuwa na unga alisema hana, akapimiwa kwa jirani. Kwetu njaa ilikuwa kama mafua, inampata yeyote, wala hakuna wa kuionea haya. Pwani nilikuta mambo mengine kabisa, na yalinichukua muda kuyajua.

Baada ya Mwera nilihamishiwa Pangani mjini, chini ya Mkuu wa Idara ambaye hadi leo namkumbuka kwa upendo. Alikuwa mama wa Kizigua, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alisoma kila andiko langu kwa kalamu nyekundu, akilifuta kwa upole, mtu asiweze hata kukasirika. "Andiko hili litasomwa na mtu aliyechoka," aliniambia. "Mwonee huruma. Mwambie nani, wapi, anakosa nini, na ukimpa atafanya nini. Mashairi yaache yalale." Nilijifunza kwake kuandika kwa ufupi, na kabla ya kuandika, kwenda kukaa na watu mpaka wanizoee. Na ndivyo nilivyofika Mkwaja.

Pale Mkwaja kulikuwa na kikundi cha akina mama chini ya Bi Zuhura, mwenyekiti wao, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokusalimia. Walikuwa na utaratibu ambao haukuwa umeandikwa popote. Kila adhuhuri, kila mama alipopakua chakula cha watu wake, aliweka pakuo moja pembeni. Mapakuo hayo yalikusanywa kwa Bi Zuhura, yakapangwa kwenye sahani, kila sahani ikafunikwa kawa, na sahani zikapelekwa kwa wazee wanaoishi peke yao. Ile kawa, kifuniko cha ukili, ndiyo iliyobeba heshima yote. Njiani hakuna aliyejua kama chini yake mna wali au mna muhogo, na hakuna aliyejua kama sahani inakwenda kwa mwenye dhiki au kwa mwenye mgeni. Ilikuwa sahani ya jirani tu, kama sahani nyingine yoyote.

Mwaka ule nguruwe pori waliharibu muhogo vibaya. Sufuria za akina mama wenyewe zikawa nyepesi, na pakuo likawa dogo hadi Bi Zuhura akawa anapanga sahani huku ametazama pembeni. Walitaka jiko la pamoja, mashine ya kusaga na uzio wa shamba la kikundi. Wasipopata, utaratibu ule ungekufa, na wazee kama Bi Mize, ambaye watoto wake wote walikuwa wamefariki wala hakuwa na ndugu wa karibu, wangebaki na maji ya kunywa tu. Tuliandika andiko. Likapita mezani, na tukaambiwa watakuja watu wa uhakiki, yaani wanaokuja kuona kwa macho kama yaliyoandikwa yapo.

Hodi ilipopigwa siku hiyo, mimi mwenyewe nilishtuka. Uani kwa Bi Zuhura palikuwa na mkeka mpya, na juu yake sinia la pilau, kuku wa kuchoma, samaki wa kupaka, kachumbari na maandazi. Kila nyumba ilikuwa imetoa kibaba chake cha mwisho. Mhakiki, bwana mmoja mrefu kutoka bara, alikaribishwa, akala, akaongezewa. Alipouliza kama kuna familia zinazokosa chakula, akina mama wakatazamana, na Bi Zuhura akajibu, "Alhamdulillahi, tunakula. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nilimkanyaga mguu kwa siri. Akauondoa mguu wake akaendelea kumpakulia mgeni.

Majibu yalikuja baada ya wiki chache: jamii ina chakula cha kutosha, ombi halikukubaliwa. Mhakiki alikuwa ameandika alichokiona, na sikuweza kumlaumu. Nilikwenda kumweleza Bi Zuhura. Alicheka kwanza, akacheka sana, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga na sikujua tena kama bado anacheka. "Siku mbili baada ya pilau ile," alisema, "sahani hazikwenda. Hapakuwa na cha kupakua."

Nilirudi Pangani nikiwa mnyonge. Mkuu wa Idara alisikiliza yote, akavua miwani. "Kumbe safari hii mgeni kaja, mwenyeji kaugua," alisema, nasi tukacheka kidogo maana tungefanya nini. Kisha akaniambia niombe tena duru inayofuata, na nikawaambie akina mama ukweli kwamba mficha uchi hazai.

Nilimpelekea Bi Zuhura methali ile kama ilivyo. Aliipokea vizuri, akanirudishia yake. "Sawa, mwanangu. Lakini anayeuanika sokoni naye, atazaa nini? Mgeni aje kwangu, nimwambie nina njaa, aondoke mdomo mtupu? Bora huo mradi ukae huko huko." Tulibishana asubuhi nzima, yeye akichambua kisamvu, mimi nikimsaidia vibaya. Niliona kwamba nikimlazimisha nitampatia jiko na kumvunjia heshima ya nyumba yake. Mwishowe nikamwomba kitu kimoja tu: mgeni aje adhuhuri, saa ya kupakua, afuatane nasi kupeleka sahani. Akafikiri. "Nakubali. Ila huko majumbani mtu asiulizwe chochote. Na tukirudi, atakula kwangu."

Duru ya pili akaja Mhakiki yule yule. Aliponiona kivukoni alitabasamu. "Leo sikunywa hata chai," alisema. "Nimekumbuka pilau ya Mkwaja." Sikujua nicheke au nilie.

Tulimfuata Bi Zuhura aliyekuwa ameshika sahani yenye kawa, mpaka kibandani kwa Bi Mize. Mhakiki akasalimia, "Shikamoo, Bibi." Bi Mize akaitika marahaba, akamtazama kwa macho yake yenye ukungu, na kabla hatujasema tumefuata nini akakung'uta mkeka. "Jongea, baba. Umekuja saa ya kula, basi riziki yako imo."

Mhakiki akanigeukia. Mimi nilitazama chini. Akavua viatu, akaketi.

Bi Mize akamnawisha mikono kwa kopo, taratibu, bila haraka ya mtu mwenye njaa. Akaondoa kawa. Chini yake palikuwa na bada, ule ugali wa unga wa muhogo wa pwani yetu, kipande kisichojaza viganja viwili, na kisamvu, na kipande kimoja cha samaki. Bi Mize akasema bismillahi. Akamega samaki, akasukuma nyama yote upande wa mgeni, akabaki na mfupa. Mhakiki akairudisha nyama upande wa bibi. Bibi akamsukumia tena. "Mimi nilikula asubuhi," alisema.

Bi Zuhura, aliyejua vizuri kwamba hapo asubuhi hakukuwa na kitu, aligeuza uso ukutani.

Yule bwana alikula matonge mawili madogo, akalamba vidole kwa adabu. "Nimeshiba, Bibi. Mungu akuzidishie."

"Umeshiba nini, baba? Kifaranga hula zaidi yako."

"Nimeshiba kweli."

Tukaanza kurudi. Karibu na nyumba ya Bi Zuhura, Mhakiki akauliza, "Na kesho atakula nini?"

"Anajua Mungu," Bi Zuhura akasema, "na sufuria zetu."

Uani mkeka ulikuwa umetandikwa, na wali wa nazi upo, na kuku mmoja, maana Bi Zuhura hakubadilika wala sikutarajia abadilike. Mhakiki alisimama mbele ya sinia. Kisha akakunja mikono ya shati. "Mama, wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimekuja mara ya pili tu, lakini naomba nipewe upawa." Nilidhani Bi Zuhura angechukia. Alimtazama kutoka juu mpaka chini, akampa upawa, na yule bwana akapakua sahani kwa sahani, kila moja akaifunika mwenyewe, na wali wote ukatoka nje ya ua ule kwenda kwa wazee. Yeye akala ukoko na akina mama. Hakuna aliyetamka neno njaa siku ile, na sikuwahi kuuona uhitaji ukithibitishwa vizuri zaidi.

Ruzuku ilitoka. Niliposoma taarifa nililia ofisini, na Mkuu wa Idara akafunga mlango ili nilie vizuri. Kwenye bajeti niliyokuwa nimeandika kulikuwa na mstari wa makawa, na kutoka juu walipiga simu kuuliza kawa ni kitu gani na kina uhusiano gani na lishe. Mhakiki, niliambiwa baadaye, ndiye aliyewajibu. Alisema bila hicho kifuniko chakula hakitamfikia mlengwa.

Sasa nimestaafu, naishi Kigombe karibu na binti yangu, nafuga kuku na kugombana na kunguru. Vijana walionirithi kazi hunipigia simu. Maombi siku hizi yanatumwa kwa kompyuta, na wengine wanapiga picha za wenye shida ili kukoleza andiko. Naelewa kwa nini wanafanya hivyo, lakini roho yangu haikubali. Huwa nawaambia: nenda kale na watu kwanza, sahani moja, uone mkono wa mwenyeji unasukuma kitoweo upande gani. Ukishaona hilo, utajua cha kuandika na utajua cha kuacha.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda Mkwaja kuaga. Jiko lilikuwa linatoa moshi, mashine inapiga kelele, na Bi Zuhura anaamrisha. Nilichukua sahani mwenyewe nikampelekea Bi Mize. Alikuwa amezeeka mno, kapungua, lakini akili iko pale pale. Alifunua kawa, akaona wali, maharage na samaki mzima, akafunika tena.

"Mama Maendeleo, yule baba mrefu uliyekuja naye, yu hai?"

"Yu hai, Bibi. Amestaafu."

"Siku ile alitoka kwangu na njaa. Alisema kashiba, lakini mimi nimelea watoto, namjua mtu aliyeshiba. Lile jambo limenikaa moyoni. Mwambie aje sasa."

Nilimpigia palepale mlangoni, nikamwambia kama nilivyoambiwa. Yeye akaniuliza kama kivuko bado kinafanya kazi.

Alikuja. Waliketi kwenye mkeka, wakala sahani moja, na safari hii hakunyanyuka mpaka Bi Mize mwenyewe alipomwambia, "Haya, baba. Sasa umeshiba."