Farasi Asiye na Alama

Kitabu kile kilikuwa na harufu, na mpaka leo inanichukiza. Vitabu vyetu vya shule vilinuka mafuta ya taa na jasho la viganja vya waliovitumia kabla yetu, na tulikuwa tumevizoea. Hiki kilinuka utamu wa bandia, kama ile dawa ya minyoo ya rangi ya waridi tuliyonyweshwa darasa zima kwa kijiko kimoja. Kurasa zake ziling'aa hivi kwamba ukikifungua juani ulilazimika kufumba jicho. Kililetwa ndani ya katoni iliyoshushwa na gari jeupe pale shuleni Kakuma, mwaka ambao ukame ulikuwa umemaliza karibu mifugo yote ya nyumbani kwao mama. Katoni ilijaa vitabu vya kila aina, kimojawapo cha kufundisha kupamba keki, lakini mwalimu mkuu alikipenda hicho kimoja. Kwenye jalada alisimama farasi mweupe mwenye kope ndefu na meno ya binadamu, anacheka. Sijui ni nani aliyemwambia mchoraji kwamba watoto hupenda mnyama mwenye meno ya namna ile.

Mimi sikuwa mtoto wa Kakuma. Nilikulia Lodwar, ambako mama aliuza chai karibu na stendi ya malori. Biashara ilipomharibikia mwaka ule, alinipakia kwenye lori la unga akanipeleka kwa nyanya, kwa kuwa shule ya huko angalau ilipika mahindi na maharagwe saa sita. Nyanya aliishi ng'ambo ya laga, yaani ule mto wa mchanga ambao maji hupita siku chache tu kwa mwaka. Aliishi na binamu yangu Nakiru, aliyefiwa na mama yake tangu mdogo. Tulikuwa rika moja na tukawekwa darasa moja, lakini kwa kusoma sikumfikia hata kidogo. Nakiru alisoma kila kilichoandikwa: magunia ya msaada, milango ya magari, vipande vya gazeti vilivyofungia sukari. Akikosa cha kusoma alirudia alichosoma jana, kwa sauti, mpaka nyanya amfukuze akachote maji.

Ndiyo maana habari ya wageni ilipofika, hakuna aliyeuliza nani atasoma mbele yao. Mwalimu mkuu alitutangazia gwarideni kwamba waliotuma zile katoni wangekuja kututembelea, na kwamba mama mmoja kati yao alitaka msichana mmoja anayesoma vizuri, amlipie shule ya bweni Lodwar mpaka amalize. Nakiru alilijua hilo, nyanya alilijua, na mjomba, aliyekuwa na kauli nyumbani, alilijua pia. Mjomba alikuwa ameshasema wazi kwamba Nakiru asipochukuliwa na wageni ataacha shule aende Lopur kwa shangazi, akachome makaa. Chakula hakikututosha wote na hakuona njia nyingine. Nakiru hakulia. Aliniambia kwamba Lodwar akifika atanitembelea kwa mama kila Jumapili, na kwamba nisimpe chai bila sukari.

Nakieleza kitabu chenyewe, ingawa kukieleza kunaniudhi. Farasi anaishi shambani na wenzake, kazi yao kubeba mizigo. Siku moja anasema amechoka kubeba, yeye ana ndoto ya kucheza dansi mjini. Wenzake wanamcheka. Anavuka milima, anavuka msitu, anapita kwenye theluji, anafika mjini, watu wanampigia makofi na kumvika shada la maua. Ukurasa wa mwisho umeandikwa kwa herufi kubwa kwamba nawe fuata ndoto yako. Tulikuwa watoto wa wafugaji, na tulikikagua kitabu kile jinsi tulivyofundishwa kukagua safari ya mnyama. Tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho farasi hanywi maji. Hali kitu. Mzigo alioutupa hauonekani umebebwa na nani, na hakuna mtu hata mmoja anayetoka kufuata nyayo zake. Darasa zima lilishangaa ni watu wa namna gani hawa wanaopotelewa na mnyama mzima kama yule na hawaamki kumtafuta. Mwalimu mkuu alitwambia tuache ushamba.

Ijumaa kabla ya wageni, Nakiru alipewa kitabu aende nacho nyumbani kufanya mazoezi. Alikifunga ndani ya kanga na kukibeba kifuani, na sikuruhusiwa hata kukigusa. Nyanya alikuwa ameketi nje anatengeneza ukosi wa shanga. Nakiru akasoma Kiingereza chote, kisha akamweleza nyanya kwa Kiturkana, na nyanya akamtaka aushushe ukurasa karibu. Akampapasa farasi masikio kwa kidole kwa muda mrefu.

"Masikio haya yamekatwa," akasema.

"Hapana, nyanya. Huyu si punda. Ni farasi, huzaliwa hivyo."

"Mnyama mwenye kwato hizo na shingo hiyo hazaliwi na masikio hayo. Wezi hulikata sikio lote ili alama ya mwenyewe isionekane. Na begani pia hana kitu." Aligeuza ukurasa, akageuza mwingine, uso umemkunjamana. "Nawe ndiye utakayesimama naye mbele ya wageni? Watakuuliza ni wa nani."

Ukitaka kucheka, cheka, mimi mwenyewe nimeshacheka. Lakini kwetu mnyama asiye na alama ana hadithi moja tu, nayo si ya dansi. Mkato wa sikio na chapa ya moto ndivyo vinavyosema huyu ana kwao, na mtu aliyekutwa na mnyama aliyefutwa alama hupata tabu ya kujieleza. Nakiru alijua fika kwamba farasi ni farasi. Lakini alijua pia kwamba jambo zito kama lile la wageni haliendwi huku nyanya amenuna. Akachukua kalamu ya bluu, nyanya akamwelekeza, wakamtia farasi chapa ya nyumbani kwetu: mstari uliopinda na nukta mbili chini yake. Waliifanya kazi hiyo kwa adabu kubwa. Chapa yetu huwekwa bega la kulia, kwa hiyo kila ukurasa ambao farasi aligeuzia bega la kushoto, Nakiru aliuacha kama ulivyo. Walipomaliza nyanya alitema mate kidogo kuelekea jua, kwa baraka, akasema sasa mnyama anaweza kusafiri.

Jumatatu wageni walikuwa bado njiani wakati mwalimu mkuu alipokifungua kitabu. Nilikuwa karibu nikaona mishipa ya shingo ikimvimba. Hakumpiga. Angempiga ningemwelewa, kwani kupigwa tulikuwa tumezoea. Alikishika kwa vidole viwili, kana kwamba kimeokotwa chooni.

"Nani amechafua mali ya wafadhili?"

"Ni mimi, mwalimu," akasema Nakiru. "Hakuwa na alama."

"Nyinyi watu, hata Biblia mkipewa mtaitia chapa."

Akamwambia akakae nyuma ya stoo ya chakula, na asionekane mpaka magari yaondoke. Badala yake akamwita Esperansi, msichana wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi, mpole, aliyekuwa amesikia hadithi ile mara nyingi hata akaikariri yote, ingawa kusoma hasa kulikuwa kunampa shida. Wageni wakafika, tukaimba, jua likatuchoma. Esperansi akashika kitabu akakariri, akigeuza kurasa mapema au akichelewa, na mama mgeni akatoa kitambaa akajifuta machozi. Kisha akakiomba kitabu akitazame. Akaona wino wa bluu begani kwa farasi, akageuza, akaona tena. Nilidhani sasa mwalimu mkuu atamezwa na ardhi. Yule mama akafurahi. Akauliza nani ametia mapambo mazuri namna hii.

Mwalimu mkuu alitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonifunza maana ya kinyaa. Akasema kwa Kiingereza kwamba shule yetu inakuza vipaji vya sanaa, na akamwekea Esperansi mkono begani.

Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Nikatoka nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika, "Si yeye. Ni Nakiru amechora, na ni Nakiru anajua kusoma. Amefichwa huko nyuma ya stoo." Mama mgeni akaniinamia kwa upole akamgeukia mwalimu mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini kilitosha kumsikia.

"Anasema karibuni sana," mwalimu mkuu akamwambia, "na anawashukuru kwa vitabu."

Yule mama akanipapasa kichwa. Mkono wake ulinuka mafuta mazito ya kujikinga na jua. Kabla ya saa tisa Esperansi alikuwa ameandikwa jina kwa shule ya bweni, na magari yameondoka. Jioni ile alitufuata mpaka ukingo wa laga, ametuletea biskuti alizopewa. "Miye sikuomba ile kitu," alimwambia Nakiru. "Walinipatia tu." Nakiru akapokea biskuti, akazigawa mafungu matatu, tukala. Hakuwa na ugomvi na Esperansi, na mimi pia sina. Nyanya alikwenda shuleni kesho yake kumweleza mwalimu mkuu kwamba chapa ni yake yeye na si ya mtoto. Alikaa kibarazani mpaka adhuhuri, akaambiwa mkuu ana mkutano. Wiki haikwisha, mjomba akampeleka Nakiru Lopur. Mvua iliponyesha, mama alinirudisha Lodwar.

Sasa nina duka la vifaa vya shule papa hapa Lodwar. Mji umekua, lami imefika, na watu wa mjini wanaziandikia kuta zao maneno makubwa. Hakuna mwezi unaopita bila mtu wa kutoka Nairobi, suti imembana, kuja kukusanya watoto ukumbini na kuwahubiria wafuate ndoto zao, kisha akapanda ndege ya jioni. Watoto hutoka huko macho yanang'aa wakaja dukani kwangu kuangalia bei ya daftari. Vitabu vya namna ile huletwa dukani pia, na wanyama wake bado wana kope na meno. Naviuza, kwa sababu nina watoto wa kulisha, lakini sijawahi kumsomea mtoto wangu hata kimoja. Zamani tulidanganywa na mwalimu mmoja mwenye njaa ya sifa, tena kwa aibu kidogo, kwa kuwa alijua alichokuwa anakifanya. Wa siku hizi hawajui, na mimi hao ndio hunitia kinyaa zaidi.

Mwezi uliopita nilikwenda Kakuma kuuza daftari nikampitia Nakiru. Amerudi huko tangu aolewe, anauza makaa kando ya barabara ya kambi, na binti yake yuko darasa la tano. Tuliulizana hali, ejok, ejok, tukaketi kwenye kivuli cha magunia. Tulipokuwa tunazungumza alimtambua mbuzi wake upande wa pili wa laga, akamwita kwa jina, na mimi sikuona hata kama kuna mbuzi. Kisha simu yake ikalia kwa ujumbe. Akaitazama, akanipa.

"Nisomee," akasema. "Macho yananisumbua siku hizi."

Ulikuwa ujumbe wa shule, wa Kiswahili chepesi, unawaita wazazi wa darasa la tano kwenye mkutano siku ya Alhamisi saa nne. Nikamsomea. Akaniomba nirudie, polepole, ashike saa. Nikarudia, naye akainama karibu yangu akifuatisha maneno kwa kidole chenye vumbi la makaa, nami nikaendelea kusoma mpaka mwisho bila kumwambia kwamba kidole chake kilikuwa kwenye mstari mwingine.