Ndagala Zilizokwenda Ukweni

Gracien alimwibia Domitille mfuko wa ndagala, yaani dagaa, akaenda kujipendekeza nao kwa mama mkwe wake. Domitille wa Kilibula hutuma mizigo ya wateja kwa pikipiki ya huyo Gracien, maana nauli ni nafuu na mzigo unafika mpaka mlangoni. Mfuko ule ulikuwa wa Charlotte, mteja wa Kamanyola. Gracien alirudi akiapa kwamba umeangukia mtoni pale Sange. Domitille akamhurumia, akampakulia ugali. Simu ikalia.

"Mama, nimeona namba yako juu ya mfuko. Ndagala alizoniletea mkwe wangu Gracien ni tamu! Utume zingine."

Domitille akamgeukia mgeni wake. "Shemeji, mto umenipigia simu. Unaomba ndagala zingine."

Gracien akalirudisha tonge sahanini. Mpaka leo Charlotte anadai mfuko wake, na wa kumpelekea mwingine ni Gracien, bila nauli.