Mkono wa Mwalimu

Mama mmoja, mwalimu wa urubani, alikuwa na mkono usiotulia. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kiti cha kulia cha ndege ndogo ya watu wawili, na kila mwanafunzi aliyefanya vizuri alipigwa bega mara mbili, pa, pa, kama anayekung'utwa vumbi. Hata mkuu wa chuo, ambaye siku hizi ndiye anayempangia zamu, alikuwa amepigwa sana bega enzi zake za uanafunzi.

Likizo ndefu ya kiangazi walikuja wanafunzi kumi viziwi wa sekondari, kujifunza urubani kwa wiki tatu. Walimsoma siku ya kwanza tu. Viziwi humpa mtu jina la alama kufuatana na tabia yake, na jina la mama huyu likawa vidole viwili kugonga bega. Alicheka, akalipenda.

Taabu yake ilikuwa nyingine. Alizoea kufundisha kwa mdomo, na mdomo wenyewe haukujua likizo, ilhali mkalimani wao wa lugha ya alama hakuwa na kiti ndegeni. Basi wakapatana ishara darasani. Akigonga dashibodi, maana yake nitazame. Akikugusa bega, ndege ni yangu, achia usukani papo hapo, usiulize. Wote kumi na mmoja walitikisa kichwa kukubali, na hakuna aliyekumbuka jina lile la bega waliloanza nalo.

Aliyejizoeza kuliko wote ni binti wa miaka kumi na saba, mtoto wa fundi cherehani. Bwenini alishika sahani kama usukani, mwenzake akimgusa bega, anaiachia inaanguka kitandani. Baba yake alitia saini fomu shingo upande. Alimwambia mkalimani kwamba mwanawe hasikii hata pikipiki ikimjia nyuma, sembuse ndege. Angekuja siku ya mwisho kumwona akiruka, lakini akisikia dosari moja kabla ya hapo, anamchukua mtoto wake. Binti alilijua hilo.

Zikiwa zimebaki siku tatu, wakapaa yeye na Mwalimu. Binti aliikatisha ndege kona ya kushoto vizuri mno, chai isingemwagika. Mwalimu akafurahi mpaka akajisahau. Pa, pa. Binti akaachia usukani, akaweka mikono mapajani kama alivyofundishwa. Mwalimu naye alikuwa ameinamia daftari, anamwandikia alama nzuri. Kwa pumzi chache ndege ile haikuwa na mwenyewe. Kisha pua ikainama, kalamu ikaanguka, Mwalimu akaudaka usukani huku akipiga ukelele ambao yeye peke yake aliusikia.

Mkuu wa chuo alikuwa nje ya banda la ndege, na aliiona pua ikiinama. Walipotua aliuliza kwa upole nani aliachia usukani, na binti akainua mkono. Mkuu akasema sheria ni sheria, hatapaa tena, na baba yake ataarifiwa. Mkalimani alipomaliza kutafsiri, binti hakujitetea. Alimtazama Mwalimu tu.

Kunyamaza kulikuwa rahisi, kwani huko juu hakukuwa na shahidi mwingine. Kitabu cha matukio, kinamoandikwa makosa ya angani, hakikuwa na jina la Mwalimu hata mara moja, na sifa hiyo alikuwa akiitaja kila sherehe mpaka watu wakaichoka. Akanyamaza kweli, kwa muda wa kufungua mkanda na kuvua miwani. Muda huo mdogo aliuonea haya maisha yake yote.

"Mwanangu," akamwambia mkuu, "huyu kafanya nilichomfundisha. Nilimpiga bega kwa furaha, nikasahau ndiyo ishara yetu. Kosa ni langu."

"Mwalimu, ukisema hivyo itabidi niandike."

"Andika. Na jina langu lote, usifupishe."

Mkuu akaandika, akamrudishia binti zamu yake ya kuruka. Mwalimu alimpigia baba simu yeye mwenyewe, akamweleza bila kupunguza. Fundi akaisimamisha cherehani yake.

"Kwa hiyo mwanangu alitii?"

"Alitii, baba. Mimi ndiye niliyekosea."

"Basi nitakuja."

Akaja, na shati alilolishona mwenyewe, akasimama kwenye uzio pamoja na wazazi wengine. Mwalimu aliukalia mkono wake wa kushoto tangu ndege inaondoka. Binti akazunguka uwanja, mnara ukamwashia taa ya kijani ya ruhusa ya kutua, akatua kwa kudunda mara mbili. Fundi akaondoa mikono usoni.

Injini ilipozimwa, Mwalimu aliutoa ule mkono, umekufa ganzi, akauacha hewani kwa kusita. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Binti, mkono mmoja ungali kwenye usukani, akauchukua ule wa mwalimu wake, akajiwekea begani. Kisha akaachia usukani.