Jina Lisiloitwa Msituni

Mbwa aliyenyeshewa akijilaza karibu na jiko la makaa hutoa harufu isiyosahaulika: kuna udongo ndani yake, kuna moshi, na kuna kitu kama gunia bichi. Msimu ule wa mvua nyingi, nyumba yetu ya chumba kimoja huko Kisumu Ndogo, Kibera, ilinuka hivyo tangu asubuhi hadi tulipolala. Mama aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, mlangoni, na wateja walikunja pua si kwa sababu ya omena bali kwa sababu ya Pilato. Jina hilo alimpa mama mwenyewe. Kila akimaliza kula, mbwa yule aliketi akaramba miguu yake ya mbele, mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu wa mtu anayenawa mikono mbele ya umati, na mama akasema huyu hana jina jingine. Alikuwa mwekundu, mwembamba, sikio moja limesimama na jingine limelala. Nilimwokota kando ya reli akiwa bado hajafumbua macho vizuri, nikamlisha uji kwa kidole. Labda ndiyo maana hakumsikia mtu mwingine. Baba akimwita, alimtazama tu kisha akageuza kichwa. Mimi nikimwita alikuja mbio akipindua mabeseni ya watu, na majirani walizoea kunifokea mimi badala yake.

Mvua ilisimamisha kazi ya mjengo, na baba, aliyekuwa kibarua wa kuchanganya zege, alishinda nyumbani akisikiliza bati. Tulikula sukuma wiki hadi tukasahau nyama inavyotafunwa. Jirani yetu wa mlango wa pili, Baba Nekesa, alikuwa na mbwa wawili na domo la kumtoa nyoka pangoni. Mara kwa mara aliingia msitu ulio mbele ya mtaa wa Jamhuri kuwinda sungura, jambo lililokatazwa na ambalo kila mpangaji kwenye ploti yetu alilijua na kujifanya halijui, hasa siku alizogawa mchuzi. Alimtazama Pilato akasema miguu ile inapotea bure. Mama alikataa katakata. Jioni baba akasema yeye na Baba Nekesa wataenda, na mimi nitaandamana nao, kwa kuwa mbwa hatatoka mlangoni bila mimi. Nilifurahi mno. Nilikuwa na miaka kumi, na sikuwahi kualikwa mahali popote na baba.

Tuliondoka kukiwa na ukungu. Tulipopita Makina, baba aliniambia nifupishe kamba ili mbwa asiguse kanzu za waliokuwa wakitoka msikitini, nami nikamshika Pilato ubavuni mwangu, nikitembea kwa madaha kama mwenye mali. Msituni mikaratusi ilidondosha maji hata pale mvua ilipokuwa imekatika. Huko Baba Nekesa, ambaye nyumbani hakunyamaza hata akila, aligeuka mtu mwingine. Alichuma nyasi akazisokota ndani ya kengele ndogo ya bati niliyomfunga Pilato shingoni, hadi ikawa bubu. Akanieleza kwa kunong'ona sheria za wawindaji wenzake: kengele huzibwa ili sungura asishtuke, na jina la mbwa halitajwi kamwe, kwa sababu askari wa msitu akisikia mbwa anaitwa anajua watu wako wapi. Mbwa huitwa kwa mluzi. Nilimwambia Pilato hajui mluzi. Akasema atajifunza kwa wenzake.

Sungura alichomoka kwenye kichaka karibu na miguu ya baba. Nilifungua kamba, mbwa wote watatu wakatoweka bondeni, na kwa muda nilisikia majani tu yakipasuliwa. Baadaye wale wawili wa Baba Nekesa walirudi, ndimi nje, bila kitu. Tukangoja. Baba Nekesa akapiga mluzi, mfupi na mrefu, akarudia. Ndipo nikasikia, chini kabisa bondeni, mlio mwembamba ambao niliutambua mara moja. Si kubweka. Ni ule mlio aliotoa nikimfungia mlango nikienda shule. Nilivuta pumzi nimwite, na kiganja cha baba kikanifunika mdomo kabla sauti haijatoka. Kilikuwa kigumu, na kilinuka saruji ingawa hakuwa amegusa saruji kwa wiki kadhaa.

"Nyamaza, Akinyi," alininong'oneza sikioni. "Tukishikwa hapa, nyinyi mtakula nini?"

Mahali fulani upande wa barabara watu walikuwa wakizungumza. Huenda walikuwa askari, huenda walikuwa akina mama wa kuni; mpaka leo sijui. Tulijibanza nyuma ya shina lililoanguka. Mlio ukaja tena, mara hii ukivutwa kama swali, na mimi nikauma kiganja cha baba, naye hakukiondoa. Halafu ukakatika. Sauti za watu zilipopotea, Baba Nekesa alishuka hatua chache, akarudi akitikisa kichwa: mto ulikuwa umejaa, bonde halipitiki. Baba akasema mbwa hujua njia ya kwao. Alisema hivyo akitazama kiganja chake kilichokuwa kikitoka damu.

Pilato hakurudi. Niliweka ukoko wa ugali mlangoni, ukaliwa na kuku. Maji yalipopungua, Baba Nekesa alienda peke yake, akarudi akasema ameona mitego ya waya ya watu wengine kule chini, lakini mbwa hakumwona. Nilimwamini kuhusu mitego. Tangu siku hiyo sikuweza kuacha kumwona amenaswa kwenye matope, kengele yake imezibwa kwa nyasi, akiisubiri sauti moja aliyoijua, na sauti hiyo ilikuwa pale pale juu, karibu kabisa. Mama hakuzungumza na baba hadi mvua zikaisha. Alimwambia neno moja tu, na nililisikia kupitia pazia: kwamba alimchukua mtoto kwa ajili ya sauti yake, kisha akaiziba. Shuleni mwalimu alianza kulalamika kwamba sisikiki. Nilimkasirikia baba, na hasira ile haikuwa na pa kwenda, kwa sababu siku iliyofuata uwindaji ule alipata kibarua na akaleta nyama.

Sasa naishi Gatina, Kawangware, ghorofa ya tatu, na baba anaishi nami tangu mama alipofariki. Wanaotaka kuona msitu ule leo huingia kwa lango, na mchana watu hukimbia humo na mbwa wenye mikanda, wakiwaita kwa majina wapendavyo. Nimeenda mara moja tu na sikumaliza njia. Bado nausikia ule mlio: birika linapoanza kuchemka, bawaba ya choo cha jirani, mtoto anayelia upande wa pili wa ukuta. Baba na mimi hatujawahi kulizungumza. Amezeeka, siku nyingine ananiita kwa jina la mama.

Juzi alasiri alikuwa ameketi kwenye kiti chake kibarazani, nami nikianika nguo. Mbwa mwekundu wa mitaani alipita chini, kati ya pikipiki. Baba akasimama, akashika chuma cha kibaraza, akaita kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Pilato! Pilato!"

Vijana wa boda boda wakatazama juu wakacheka. Mwenye ploti, ambaye hataki kuona mbwa hata kwenye kalenda, akachungulia dirishani. Binti yangu akatoka na simu mkononi.

"Babu, huyo si wetu. Unaita nani?"

Baba alinigeukia mimi, na macho yake siku hiyo yalikuwa yananijua vizuri.

"Mwite wewe, Akinyi. Mimi hanisikii."

Barabara ilijaa honi, spika ya kanisa, na wauza mitumba waliokuwa wakipaza sauti walivyotaka. Hapakuwa na askari, wala kiganja cha mtu. Nilishika ile nguo mbichi, nikafungua mdomo, na jina halikutoka. Mbwa akakata kona pale penye kinyozi, akaenda zake, na baba akabaki ananitazama, akingoja.