Homa Iliyofichwa kwenye Uji

Saa mbili asubuhi, mzee fundi cherehani ameshavaa viatu vya kuendea nyumbani. Joto lake halijapanda tangu jana, daktari amemruhusu, na binti yake anamnywesha uji wa mwisho hapa hospitalini, aliompikia nyumbani.

Muuguzi wa wodi hajaridhika. Mzee anahema kana kwamba amepanda ngazi, na alichofanya ni kuinama tu kufunga kamba za viatu.

"Baba, malizia uji tukupime tena," anamwambia.

"Uji wenyewe mchungu kama mwarobaini! Mama yake alijua kupika, huyu sijui karithi kwa nani."

Binti anainamisha uso. Muuguzi anamshika bega. "Mdogo wangu, umetia nini?"

"Vidonge vya homa, dada. Nasaga," anasema, machozi yakimlengalenga. "Nyinyi mlimwacha achemke!"

Ruhusa inafutwa hapo hapo. Picha ya kifua inaonyesha nimonia imezidi, na daktari anambadilishia dawa. Ile homa iliyofichwa ndiyo ingewashtua mapema.

Wodini muuguzi huyu anaitwa Mama Kipimajoto. Jina alilipata enzi zile akikimbizana na kila homa kwa vidonge na vitambaa vya maji, na ikishuka anatembea kifua mbele.

"Tulidhani tukishusha homa tumemponya mtu," anasema akicheka. "Kumbe tafiti zinasema kwa wagonjwa wengi wa hospitali kuishusha hakuonekani kupunguza vifo. Dawa ya homa tunampa anayeteseka, apate nafuu. Kinacholeta homa kinatibiwa kivyake."

Binti alimkasirisha kweli. "Halafu nikajikasirikia mwenyewe. Anamwona baba yake anatetemeka, mimi napita na kipimajoto bila kumweleza neno. Ningekuwa yeye ningefanya nini?"

Sasa ameomba benchi moja liwekwe mlangoni, akae na ndugu wa wagonjwa kila asubuhi kabla ya daktari kupita. "Natamani wajue kumwuliza mgonjwa mwenyewe kwanza kama anateseka, na wasitufiche kitu."

Siku ya tatu ya dawa mpya, mzee anapumua vizuri, ingawa mwili bado una joto kidogo. Binti anashika kitambaa cha maji, anasita, anakiweka chini.

"Baba, unaumwa popote?"

"Siumwi. Nina njaa," anajibu mzee. "Nipikie uji, mwanangu. Uji mtupu."