Siku Nne Nilizokuwa Lamu Bila Kutoka Kisauni

Mama alinipeleka Lamu kwa mdomo tu. Mwili wangu ulibaki Kisauni, katika chumba cha nyuma, mimi na sanduku la bati, nimejifungia kwa komeo, na mtaa mzima ukaambiwa nimekwenda kumsalimia mjomba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea ualimu, na zilibaki siku kumi meli iondoke. Siku kumi hizo mama aliona ndizo za hatari. Mtu akijulikana yuwasafiri, husifiwa; na akisifiwa, huanguka.

Usimcheke. Kaka yangu, mwanawe wa kwanza, alipopata kazi ya ukarani bandarini, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alisimama uani akasema kwa sauti, "Lo, shoga, mwanao huyu kapendeza! Atakula meza moja na Wazungu!" Hakusema mashallah. Juma lile lile kaka akashikwa na homa, na hakuinuka tena. Mama hakumwambia jirani neno. Waliendelea kuombana chumvi na kuazimana mbuzi ya kukunia nazi, lakini tangu hapo kila kheri yetu ilifichwa mbele ya jirani yule.

"Hasidi hana sababu," mama aliniambia, "na mimi sina mwana wa tatu."

Basi nikapakia mizigo kama mwizi. Nilikunja nguo nimeketi sakafuni, dirisha limefungwa, jasho lanitiririka huku nalijaribu sweta la sufu. Wallahi niliogopa kila kilichoingia sandukuni. Sweta liliniogopesha kwa uzito wake: ni baridi gani hiyo inayotaka nguo kama godoro? Chupa ya achari iliniogopesha kwa sababu nilijua iko siku itakwisha. Na ule msahafu mdogo mama aliuweka juu kabisa ya nguo, nami nikawaza: nikifa huko, ni nani atakayenikosha na kunielekeza kibla? Sikumwambia. Yeye naye alikuwa na yake. Alipotaka kuzifukiza nguo zangu kwa udi, alikumbuka kwamba harufu haina adabu, hupita ukutani. Akaziba chini ya mlango kwa kanga kuukuu, akafukiza kidogo kidogo, tukakohoa sote wawili tumejiziba midomo.

Siku ya nne ya Lamu yangu, mama alivuka kwenda mjini kwa fundi kuchukua koti. Mara nikasikia kengele ya baiskeli, kisha hodi mlango wa mbele. Hodi ya kiume, ya mtu mwenye haraka. Nilikuwa nimeshika soksi. Niliganda. Hodi ya pili, ya tatu, na mtu akataja jina langu, na la baba, na la babu. Nilitaka kwenda kufungua, lakini akilini niliuona uso wa mama, nikamwona kaka kitandani, nikaketi. Nikamsikia jirani akitoka kwake. "Huyo hayupo, mwanangu. Yuko Lamu kwa mjombake, inshallah atarudi mwezi ujao." Mgeni akasema jambo kwa sauti ya chini, kengele ikalia, akaenda zake. Nikashukuru. Mpumbavu mimi, nikashukuru!

Mama aliporudi, jirani alimpokea mlangoni, na safari hii nilisikia kila neno.

"Shoga, alikuja tarishi wa serikali, yule wa kaki. Asema safari ya meli imetangulizwa, yaondoka keshokutwa. Mwanao aende akatie sahihi leo kabla ya saa tisa, la sivyo nafasi yake apewa mwingine. Nimemwambia yuko Lamu. Kwani meli gani hiyo?"

Nilisikia kifurushi cha koti kikianguka. Nikafungua komeo, nikatoka na soksi yangu mkononi. Jirani alinitazama kama aliyemwona mfu.

"Salale! Lamu ndiyo hapa?"

Hakukuwa na wakati wa aibu. Adhuhuri ilikuwa imekwisha adhiniwa. Buibui lilimshinda mama kulivaa. Jirani akamfunga yeye, akatoka nasi bila kuombwa. Tulikwenda mbio mbio hadi daraja la Nyali, na njia nzima watu wananipigia kelele, "Ee bwana, umerudi lini? Mjomba hajambo?" Nikajibu hajambo. Mjomba mwenyewe nilikuwa sijamwona mwaka wa tatu.

Ofisini karani alitazama saa, akatazama karatasi. "Nimeletewa habari kwamba huyu yuko Lamu. Na yupo mwenzake hapo nje, angoja nafasi hii."

Mama angesema nini? Kwamba alinificha kwa kuogopa jicho la mtu, na mtu mwenyewe amesimama ubavuni pake? Jirani akasogea mezani.

"Bwana, kosa ni langu. Nilisema nisilolijua. Kijana huyu hakutoka Kisauni hata siku moja. Usimwadhibu yeye kwa ulimi wangu mimi."

Karani akanisukumia kalamu. Nikatia sahihi, ikaenda upogo.

Tulirudi Kisauni. Nyumbani mama aliufungua mlango wa kile chumba wazi kabisa. "Karibu, shoga," akasema. "Nisaidie kulikunja hili koti."

Jirani alisimama kizingitini. Aliliona dirisha lililofungwa mchana, akaiona kanga chini ya mlango, akausikia udi uliofukizwa kwa siri. Hakuwa mjinga.

"Mficha uchi hazai," alisema polepole. Kisha akauliza, "Ni mimi, sivyo? Tangu yule wa kwanza."

Mama akalia. Hakusema la.

"Kunja mwenyewe, shoga. Akija akaumwa huko, sitaki mkono wangu uwe umezigusa nguo zake." Akairudisha mikono ndani ya buibui, akaenda kwake.

Nililikalia sanduku hadi likafunga. Keshokutwa yake nikapanda meli, na jirani hakuja kuniaga. Woga wa baridi uliniisha mwezi wa kwanza, na wa kufa nao ukapungua, maana kijana huzoea. Ulibaki mmoja. Mwaka wa pili nilipatwa na nimonia, nikalazwa majuma matatu, na nilichohofia si kaburi la ugenini. Nilihofia habari ivuke bahari, ifike Kisauni, impate jirani yule. Nikamwomba muuguzi karatasi, nikaandika kwa mkono usio na nguvu kwamba mimi ni mzima kabisa, sijapata hata mafua. Chini yake nikaongeza: mama, barua hii asomewe jirani kwanza.